Kama Hujaicheza Gemu Yenyewe, Usiandike "Kompyuta ya Gemu"

Leo naongea na wale tunaouza kompyuta kwenye status, kwenye magrupu na kwenye kurasa zetu. Kuna neno tunalitumia hovyo sana: "ya gemu". Mashine ikiwa na stika ya i5 tu, tunaandika ya gemu. Ikiwa na kibodi ya taa nyekundu ndo kabisa, bei inapanda na maneno yanaongezeka.

Msimamo wangu ni huu: kama hujaiwasha ukacheza gemu anayoitaka mteja, hilo neno usiliandike. Andika mashine ina nini, basi.

Kwa nini nalikazania hili? Angalia wateja wetu walipo. Mteja wa Kariakoo akiona mashine inasumbua, jioni anapanda daladala anairudisha. Wa kwetu yuko Mkwajuni, yuko Itumba, yuko Kamsamba, mwingine yuko ng'ambo pale Nakonde. Ametuma hela kwa simu kabla hajaiona mashine. Akigundua imemuangusha, aanze tena nauli na kusubiri. Na kama mzigo ulishavuka mpaka, kuurudisha ni shughuli nyingine. Halafu siyo wote wananunua kwa starehe. Kuna kijana kajibana miezi afungue kibanda cha gemu, watoto wa mtaa walipie kila mechi. Mashine ikiganda dakika ya kumi, wateja wake wanahamia kibanda cha pili na mtaji wake umelala. Hapo wewe umeuza, ila umemfunga mwenzio mikono.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, "mpya" siyo jibu. Mpya maana yake haijatumika, haina maana ina nguvu. Kuna laptopu mpya kabisa kwenye boksi yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kwa kuandika barua na kutuma risiti inafaa. Lakini EA Sports FC 24 peke yake inataka nafasi ya GB 100. Yaani gemu ni kubwa kuliko hifadhi yote ya kompyuta! Haitaingia hata ukifuta kila kitu.

Pili, muulize mteja swali moja kabla ya bei: "Unataka kucheza gemu gani?" Gemu hazilingani. PES 2013 inacheza hata kwenye mashine ya zamani ya ofisini. GTA V ile iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, waliyoitengeneza walisema kiwango cha chini ni RAM GB 4, na wakashauri GB 8 pamoja na kadi ya grafiki kama GTX 660 ya GB 2. FC 24 kiwango cha chini kabisa ni RAM GB 8 na kadi kama GTX 1050 Ti ya GB 4. Kwa hiyo ukiulizwa "kaka, hii inapiga gemu?", jibu la "ndiyo" peke yake halijajibu kitu. Kila gemu kubwa mahitaji yake yameandikwa na wenyewe kwenye duka la mtandaoni linapouzwa. Kiwango cha chini maana yake itafunguka na kuchezeka kwa picha za chini. Kile wanachoshauri ndicho cha kucheza kwa raha. Soma vyote viwili, linganisha na mashine iliyo mezani.

Tatu, i5 siyo moja. Soma namba inayofuata. i5-4300U ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina kore 2. i5-8250U ni kizazi cha nane, ya 2017, ina kore 4. Zote stika inasema i5, na zote utazikuta kwenye HP EliteBook zinazoingia kama mitumba. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft walifunga huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mteja ana haki ya kujua anaingia upande upi.

Nne, na hapa ndipo wengi tunapopigwa: kadi ya grafiki. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji, shuka mpaka kwenye GPU. Ukiona GPU moja tu, jina lake Intel HD au UHD, hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. Ukiona na ya pili, ya NVIDIA au AMD, angalia jina kamili na ina GB ngapi zake yenyewe. Kwa kadi za kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani, weka programu ya bure inaitwa GPU-Z. Kuna kadi za zamani zimebadilishwa jina zionekane GTX 1050 Ti, na hiyo programu inaweza kuzinasa, ikaandika FAKE kabla ya jina. Usinunue mzigo kabla hujapitisha hapo.

Tano, cheza. Chomeka chaja, maana laptopu ikitegemea betri hupunguza nguvu. Cheza nusu saa, siyo dakika mbili. Dakika za mwanzo mashine bado ya baridi, kila kitu kinateleza. Joto likipanda ndo utaona kama feni inafanya kazi au vumbi limejaa. Washa kihesabu cha picha kwa sekunde: 60 ni safi, 30 inachezeka, chini ya hapo mteja atakupigia simu. Rekodi video fupi, skrini na kihesabu vionekane, umtumie.

Na kwa mwenye bajeti ndogo, usimfukuze. Kompyuta ya mezani ya ofisini, mfano Dell OptiPlex, ukiongeza RAM na GTX 1050 Ti inaweza kumfaa. Kadi hiyo inatumia kama wati 75, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Ila kama boksi ni lile jembamba, tafuta kadi fupi, la sivyo haiingii.

Najua mtu atasema: "Mwenzangu anaandika ya gemu kwenye kila mashine na anauza kuliko mimi." Ni kweli, wiki hii anaweza kukupita. Lakini Tunduma ni mji wa watu kupita, na habari nazo zinapita. Mteja mmoja wa Mlowo akilizwa, grupu zima la vijana wake linajua. Na siyo suala la jina tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kwenye biashara, na haisemi wauza mtandaoni wameachwa.

Tangazo la kweli siyo gumu. Andika hivi: "i5-8250U, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. PES 2013 tumeijaribu, inateleza. FC 24 haifai." Mstari huo wa mwisho ndio unaouza, niamini. Mteja akikuona unamwambia kisichofaa, anaamini ulichosema kinafaa.

Kwa hiyo leo kabla hujapandisha posti, pitia mashine zako. Iliyojaribiwa iandike, isiyojaribiwa ijaribu, isiyoweza iuze kwa kazi yake halisi. Wa kuchapa na stationery wapo wengi tu wanaihitaji hiyo hiyo. Kazi njema.