Vita vimetukalisha, mizigo imetuchosha: mwendo wa mwili na afya ya makanisa yetu

Kwa miaka mingi tulipozika watu huku mashariki ya inchi yetu, tulijua majina ya vifo: malaria, kipindupindu, uzazi, risasi. Majina hayo hayajaondoka. Lakini katika maombi ya Jumapili tunasikia mengine zaidi na zaidi: tansiyo, sukari, na yule baba ambaye "alianguka tu, upande mmoja ukakufa". Wengine husema ni kurogwa. Wengine husema ni magonjwa ya matajiri. Sisi tunaona kwamba magonjwa haya yamefika hata kwa maskini, na sehemu moja ya sababu yake ni jambo ambalo hatulizungumzi sana kanisani: namna mwili wetu unavyotembea, au unavyoacha kutembea.

Mwezi wa Juni 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitangaza kwamba katika mwaka 2022 watu wazima 31 kwa kila 100 duniani hawakutembeza miili yao vya kutosha. Ni watu kama miliari 1 na milioni 800. Mtu akisoma habari hiyo akiwa Butembo ao Bunia anaweza kucheka: "Sisi? Sisi tunaotembea kila siku?" Swali hilo ni la haki. Tulichunguze.

Mashamba yaliyofungwa

Mkulima wa Lubero, wa Masisi ao wa Djugu hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi. Alipanda mlima asubuhi, alilima, alirudi na kuni. Leo wengi wao hawaendi tena shambani. Katika Beni, Irumu na Mambasa, watu wameuawa wakiwa mashambani mwao. Katika Masisi na Rutshuru, vijiji vimehama mara nyingi. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, mamia ya maelfu ya watu wamehama tena, wakirudi kwao ao kutafuta mahali pengine.

Mtu aliyekimbia vita anafika mjini akiwa amepoteza shamba, na pamoja na shamba amepoteza kazi ya mwili wake. Anakaa mlangoni kwa jamaa iliyompokea, akingojea habari. Anakula kile kinachopatikana: bugali nyingi, mboga kidogo, chumvi na sukari. Usiku halali vizuri. Wakati huohuo, yule mwenye uwezo kidogo mjini amepata moto ya kumbeba hata kwa mwendo wa dakika 10. Dereva wa moto naye anakaa juu ya kiti toka asubuhi mpaka usiku. Hivi kukaa kumeingia kati yetu kwa milango miwili: mlango wa taabu na mlango wa raha.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Wataalamu hawakugundua jambo hili jana. Mwaka 1953, muganga Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kutwa nzima. Mwenzake aliyekata tikiti alipanda na kushuka ngazi za basi la orofa mbili. Walifanya kazi katika gari moja, lakini wale waliopanda ngazi walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Hata walipopatwa nao, haukuwaua haraka vile.

Sababu inaeleweka. Misuli inapofanya kazi, inachukua sukari kutoka katika damu na kuitumia. Mishipa ya damu inalainika na kufunguka, kwa hiyo moyo hausukumi kwa nguvu nyingi na tansiyo inashuka. Mifupa inapata nguvu, na mzee haanguki ovyo. Usingizi unakuja. Huzuni nayo inapungua. Hilo ni neno kubwa kwa watu waliozika wengi kama sisi. Uchunguzi unaonyesha pia kwamba watu wanaotembeza mwili hawapatwi sana na kansa ya matiti na ya utumbo mkubwa.

OMS inasema kwamba mtu asiyetembeza mwili vya kutosha ana hatari ya kufa iliyo kubwa kwa asilimia 20 mpaka 30 kuliko yule anayetembea vya kutosha. Kipimo chake kwa mtu mzima si kigumu: dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo unaofanya pumzi iende mbio kidogo, lakini mtu bado anaweza kuzungumza. Ni kama nusu saa, siku 5 kwa juma. Kwa watoto na vijana ni saa moja kila siku. Na kidogo ni bora kuliko bure.

Juu ya sukari, uchunguzi mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupatwa na ugonjwa huo. Wale waliotembea dakika 150 kwa juma, wakala vizuri na kupunguza uzito, walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Wale waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwetu, ambako barabara ikifungwa dawa zinakosekana, hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Mwenye sukari anayekosa dawa yuko katika hatari kubwa. Yule ambaye bado hajaugua anaweza kukingwa kwa njia isiyopita kwenye kizuizi chochote.

Lakini mzigo si mazoezi

Hapa tunapaswa kusema kweli, maana mahubiri ya "tembeeni" yanaweza kuwa tusi. Mama anayebeba gunia la makala ao la mihogo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akipanda milima ya Bukavu, hahitaji kuambiwa asonge. Kijana anayesukuma chukudu yenye magunia kutoka Kibumba hana upungufu wa jasho. Mwaka 2018, wachunguzi waliounganisha habari za watu karibu 200,000 waliona kwamba wanaume wenye kazi nzito sana za mwili walikufa mapema kuliko wale wenye kazi nyepesi. Mwendo unaojenga mwili una kiasi, na una pumziko baada yake. Mzigo wa saa kumi bila chakula cha kutosha unaubomoa.

Kwa hiyo katika kanisa moja kuna watu wa namna mbili: wale wanaokaa kupita kiasi na wale wanaobebeshwa kupita kiasi. Mara nyingi wa kwanza ni baba na wa pili ni mama, ndani ya nyumba moja. Baba akichukua bidoni ya maji mara moja kwa siku, ametibu wawili.

Maneno ya Paulo

Wengine hutaja 1 Timoteo 4:8, pale Paulo anapolinganisha mazoezi ya mwili na utauwa, ili kudharau mambo haya. Lakini Paulo hakusema mazoezi hayana faida. Alisema faida yake ni ndogo kuliko ile ya utauwa. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa miguu. Katika Matendo 20:13, wenzake walipanda chombo kwenda Aso, naye akachagua kwenda kwa inchi kavu. Mwili ambao Bwana ameuita hekalu lake hauwezi kuwa kitu cha kuachwa tu mpaka uanguke.

Tunachoweza kufanya

Kwanza, tupime. Tansiyo haina kelele; wengi wanaoishi nayo hawajijui. Parokia iliyo na muuguzi kati ya waamini wake inaweza kuweka meza moja ya kipimo baada ya ibada, mara moja kwa mwezi. Anayepatikana na 140 juu ya 90 ao zaidi aelekezwe kituo cha afya, apimwe tena.

Pili, tutembee pamoja, mchana, kwa njia zinazojulikana. Huku kwetu kutembea peke yako alfajiri si salama, na wamama wanajua hilo kuliko sisi. Kwaya, muungano wa wamama na vijana wanaweza kwenda kwa miguu kuzuru wagonjwa. Wazee wapewe viatu vya kufunga, hasa wenye sukari, kwa sababu kidonda cha mguu kinaweza kumaliza mtu.

Tatu, asiwepo mchungaji wala mwombezi anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa kuwa ameombewa ao kwa kuwa sasa anatembea. Mwendo unasaidia dawa, hauchukui nafasi yake. Na yeyote anayesikia kifua kikibana ao pumzi ikikatika, asimame, aende kwa muganga.

Nne, sisi watumishi tuanze. Mchungaji anayebebwa na moto kutoka nyumbani mpaka kanisani umbali wa mita 600 hana neno la kuwaambia waamini.

Mwisho, tusisahau kwamba ugonjwa huu una mizizi nje ya mwili. Mkulima hakuchagua kukaa, alifukuzwa. Mama hakuchagua gunia; njaa ilimpa. Tunapoomba wenye silaha na wenye mamlaka wafungue barabara na kuacha watu wafike mashambani mwao, tusiseme tu kwamba tunatafuta chakula. Tuseme pia kwamba njia ya shamba yenye usalama ni dawa ya tansiyo, ya sukari na ya huzuni, na kwamba kuifunga ni kuwaua watu wetu polepole.