PIMENI MTU KWANZA, NDIPO MLETE KITI



Mwaka jana mwenzetu mmoja, mfungaji wa mabehewa, alibanwa kazini akavunjika uti wa mgongo. Mwajiri wake, ambaye hatumtaji hapa, alimpelekea kiti cha magurudumu mpaka kwao. Wakubwa walikuja na mpiga picha, wakapeana mikono, wakaenda zao. Sisi tulipokwenda kumwona baada ya miezi minne tulikuta kiti kimewekwa nyuma ya nyumba, kuku wamelala juu yake, na mwenyewe amelala kifudifudi kitandani kwa sababu ya kidonda cha makalio.

Tulipouliza tuliambiwa, "Mwombaji hachagui." Sisi twajibu, nani aliomba? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alipe gharama ifaayo ya vifaa vya mtu aliyeumia kazini: kuvinunua, kuvitunza, kuvitengeneza na kuvibadili. Hiyo ni haki kama mshahara. Na mshahara wetu twauhesabu mbele ya karani kabla ya kutia sahihi.

Kiti chenyewe kilikuwa cha namna ya hospitali, cha kukunjwa, chenye kikalio cha kitambaa na vigurudumu vidogo mbele. Kiti kama hicho ni cha kumsukuma mgonjwa toka wadi mpaka chumba cha eksirei, juu ya sakafu laini, leo mtu huyu na kesho yule. Hakikufanywa kwa mtu wa kukaa humo kutwa. Kitambaa kililegea, na uzito wote ukashukia mifupa miwili ya makalio. Aliyevunjika uti wa mgongo huenda asisikie maumivu huko. Ngozi huoza kimya kimya, mkewe ndiye aliyesikia harufu kwanza. Kidonda cha namna hiyo kikifika mfupani chaweza kuua. Kwa hiyo mto mzuri wa kukalia ni sehemu ya kiti, wala usingojwe kama sadaka ya baadaye.

Tena kilikuwa kipana mno. Upana wa kiti wapaswa kulingana na nyonga za mtu akiwa ameketi. Huyu aliegemea upande mmoja kama gunia, na mikono yake haikuyafikia magurudumu sawasawa. Kikalio nacho kilikuwa kirefu. Nyuma ya goti yafaa ibaki nafasi ya vidole viwili, la sivyo mtu huvutwa mbele akawa anateleza siku nzima. Mahali pa kuwekea miguu pakiwa juu sana, magoti hupanda na uzito hurudi makalioni. Vipimo vyote hivi hupatikana kwa tepu ya fundi cherehani.

Mabwana hawa hawawezi kuweka behewa la njia ya zamani, ya milimita 1000, juu ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ya milimita 1435. Chuma hupimwa. Mtu ndiye anayedhaniwa ataingia katika kiti chochote! Shule ya misheni tulisoma kwamba Daudi alizivua silaha za Sauli, ingawa zilikuwa za mfalme, maana hakuweza kwenda nazo.

Kwao njia ni ya udongo na mlima. Mvua ya kwanza vigurudumu vilizama. Viko viti vya magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali, havipinduki upesi, na tairi zake za upepo fundi baiskeli yeyote aweza kuziziba. Lakini mwenzetu akaaye chumba kimoja mjini akipewa hicho, hatageuka ndani wala hatapita mlango wa choo. Basi mtu aulizwe: walala wapi, wapita njia gani, nani akusukumaye, safarini wakiweka wapi kiti chako? Shirika la Afya Duniani liliandika mwongozo mwaka 2008 kwamba mtu achunguzwe, apimwe, akijaribu kiti, afundishwe kukitumia, kisha atazamwe tena baadaye. Na viti hutengenezwa hapa hapa Kenya, na APDK, shirika lililoanzishwa mwaka 1958.

Wasema ni ghali. Kidonda kile kimemlaza mwenzetu hospitali miezi mitatu. Hesabu hiyo waifanye wao, sisi hatukusoma sana.

Twawaomba wajumbe wa matawi: mtu asitie sahihi ya kupokea kiti mpaka ameketi ndani yake na kupimwa, na mjumbe awepo. Mwenzetu huyo tumempima wenyewe. Nyonga sentimita 38, toka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti 48, mlango wa nyumba 70. Karatasi hiyo iko mezani kwa mwajiri wake tangu mwezi uliopita, na haijajibiwa.