Coyotes hawakuhama, waliuzwa

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa ambao vita vimewatoa kwenye vijiji vyenu, leo ninaandika juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho: hoki ya barafu. Musiniache njiani. Kati yenu muko wenye ndugu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, na baadhi yao waliangukia Phoenix na Tucson, jimbo la Arizona, wengine Salt Lake City, jimbo la Utah. Habari hii inatoka kwenye majimbo hayo mawili.

Mchezo wenyewe hauna siri. Watu sita kila upande, kipa akiwa ndani ya hesabu, wanateleza juu ya barafu na viatu vyenye chuma chembamba chini, kila mmoja na fimbo mkononi, wakigombania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ligi yao kubwa inaitwa NHL. Iko na ekipe 32, na msimu wa 2023-2024 kila moja ilicheza mechi 82. Ushindi ni pointi 2, na ukishindwa katika dakika za nyongeza unapewa 1.

Sasa tuingie ndani. Ekipe ya Arizona Coyotes ilicheza msimu wa 2023-2024 katika uwanja wa kuazima, Mullett Arena, mali ya chuo kikuu cha jimbo hilo. Uwanja ule unapokea watu 4,600 hivi, wakati ekipe zingine za ligi zinajaza watu 17,000 au 18,000. Watu walicheka. Lakini wale vijana walianza vizuri. Mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba 2023 waliwapiga mfululizo mabingwa watano waliopita: Vegas, Tampa Bay, Saint Louis, Colorado na Washington. Kisha mwaka mpya ukageuka. Kutoka mwisho wa Januari hadi mwisho wa Februari walicheza mechi 14 bila kushinda hata moja. Walimaliza na ushindi 36, kushindwa 41, na mara 5 katika nyongeza. Pointi 77. Hawakuingia mtoano.

Kama ni kushindwa tu, nisingewasumbua. Ekipe ngapi zinashindwa, hata zetu za kabumbu? Lakini mwezi wa Aprili, msimu ungali unaendelea, wachezaji walipata kuelezwa wakiwa safarini Canada kwamba mwaka unaofuata hawatakuwa tena watu wa Arizona. Tarehe 17 Aprili 2024 walicheza mechi ya mwisho nyumbani na kuwashinda Edmonton 5-2. Kesho yake, tarehe 18, viongozi wa ligi wakapitisha uuzaji. Dola bilioni 1.2. Mnunuzi ni Ryan Smith, tajiri wa Utah, ambaye tayari alikuwa na ekipe ya mpira wa kikapu, Utah Jazz.

Tangu hapo mwandishi huyu na yule anaandika kwamba ekipe « ilihama ». Ninalikataa neno hilo, na ninyi munaosikiliza muko na haki kubwa zaidi ya kulikataa. Mwenye kuhama anafunga mizigo yake mwenyewe. Mwenye kukimbia anasikia risasi, anabeba mtoto, anaacha sufuria jikoni. Coyotes hawakufanya la kwanza wala la pili. Mwenye mali alikaa na mwenye pesa, wakaandikiana karatasi, na wale waliokuwa wakinunua tiketi tangu 1996 wakapata habari kwenye simu.

Na karatasi yenyewe ni ya ajabu. Kwa sheria ya ligi, Coyotes hawakuondoka kamwe! Waliandikwa kuwa ekipe « iliyosimamishwa », na Utah wakaandikwa kuwa ekipe mpya kabisa. Jina, rangi na historia vikabaki Arizona. Lakini wachezaji wote, mwalimu wao André Tourigny, na haki za kuchagua vijana wapya, vyote vikaenda Utah. Yaani nyumba imebomolewa, bati limebebwa, mbao zimebebwa, halafu mwenye kiwanja anaambiwa atulie kwa sababu barua inasema nyumba ingali pale. Sisi huku tunazijua barua za namna hiyo.

Wakubwa wa mchezo wana majibu, na nitayachukua kwa zamu.

La kwanza linasema jangwa na barafu havipatani. Ni kweli Phoenix ni jiko: mwaka 2023, kutoka mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai, siku 31 mfululizo joto lilifika au kupita digrii 43. Waulizeni ndugu zenu wanaoishi huko. Lakini Las Vegas nako ni jangwa, na ekipe yake ndiyo iliyobeba kombe la Stanley mwaka 2023. Mwaka 2024 lilichukuliwa na Florida, kwenye joto la bahari na mbu. Kwa hiyo jua liachwe.

La pili linasema watu wa Arizona hawaupendi mchezo huo. Auston Matthews basi ametoka wapi? Alizaliwa California, lakini alikulia Scottsdale, karibu kabisa na Phoenix, na aliupenda mchezo kwa kupelekwa kuwatazama hao hao Coyotes angali mtoto mdogo. Mwaka 2016 alikuwa kijana wa kwanza kuchaguliwa katika ligi nzima. Na katika msimu ule ule ambao ekipe ya utoto wake ilikuwa inauzwa, yeye akiwa Toronto alifunga mabao 69, zaidi ya mtu mwingine yeyote. Jangwa lilizaa mfungaji bora wa mwaka, na ligi inasema udongo haufai.

Watazamaji kuwa wachache kunaeleweka. Uwanja wa zamani, uliofunguliwa mwisho wa 2003, ulikuwa Glendale, upande wa magharibi, wakati mashabiki wengi walikuwa wakiishi mashariki. Na ekipe yenyewe, baada ya 2012, iliingia mtoano mara moja tu, mwaka 2020. Muuzaji wa maharagwe yaliyooza asilaumu wanunuzi.

Jibu la tatu ndilo linaniudhi: eti wakaaji ndio waliiua ekipe yao kwa kura. Tarehe 16 Mei 2023 wakaaji wa mji wa Tempe waliulizwa kama wanakubali mradi wa dola bilioni 2.1 hivi, uwanja, manyumba na maduka, juu ya sehemu iliyokuwa jalala la mji. Karibu asilimia 56 walisema hapana. Wakaitwa maadui wa michezo. Lakini tazameni jirani yao Glendale. Mji ule ulibeba gharama kubwa ya uwanja. Ekipe ikafilisika mwaka 2009, ligi yenyewe ikaishika, na mji ukatoa dola milioni 25 kwa mwaka, miaka miwili, ili ekipe isiondoke. Mwaka 2021 mji ulichoka na kusema mkataba hautaendelea, na Desemba ile ile ukatishia kufunga milango kwa deni la kodi. Deni likalipwa upesi. Mkaaji wa Tempe aliyeona hayo yote kwa jirani, akahesabu, akasema hapana, kosa lake ni nini? Aliulizwa, akajibu. Mara ya pili, wakati wa kuuza, hakuna aliyemuuliza.

Mwenye ekipe, Alex Meruelo, aliachiwa haki ya kuifufua kama atajenga uwanja ndani ya miaka mitano. Aliweka tumaini kwenye kiwanja cha serikali ya jimbo kilichokuwa kipigwe mnada tarehe 27 Juni 2024. Mnada ukafutwa siku chache kabla, naye akaachana na mambo yote. Ahadi ya miaka mitano ilidumu miezi miwili na kitu.

Sisemi Phoenix hawana doa. Ekipe hiyo waliipata mwaka 1996 kwa kunyang'anywa Winnipeg, huko Canada, ambako watu walilia vile vile. Winnipeg nao wakangoja mpaka 2011, wakapewa ya Atlanta. Ndivyo ligi inavyofanya: inamtuliza anayelia kwa kumliza mwingine. Wala siwalaumu watu wa Salt Lake City, ndugu zetu wakiwamo, wanaokwenda Delta Center kushangilia. Uwanja ule ulijengwa kwa mpira wa kikapu. Msimu wa 2024-2025 kulikuwa na viti ambavyo ukikalia hauoni lango la upande mmoja, na watu walilipa.

Msimu wa 2024-2025 Utah walimaliza na pointi 89, 12 zaidi ya zile za mwisho za Arizona, na mtoano wakaukosa pia. Mwaka 2025 wakapewa jina la Mammoth. Ule uwanja mdogo wa Mullett ungali wazi. Wanafunzi wa chuo ndio wanaucheza.