Siku Niliyolia Kama Bundi

Mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita mlinisikia nikisema nina stori ya ndege na kwamba dakika tano hazitoshi. Mkaniandikia mkiuliza: ndege gani, umekosa fulaiti? Hapana jamani. Ndege wa porini, mwenye manyoya. Kaeni vizuri.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Aprili. Nimesimama gizani pembeni ya msitu, kaskazini ya Columbia, Missouri, nimevaa nguo za mabakamabaka kuanzia kofia hadi glavu. Mzee jirani yetu ananigusa bega, ananinong'oneza, "Haya, anza." Naweka viganja mdomoni, nalia kama bundi.

Kama umelelewa na bibi kama wangu, unajua hilo ni jambo gani. Bundi akilia karibu na nyumba, watu hawalali. Wanasubiri kuche wasikie nani amefariki. Bibi alikuwa anatoka nje na kijinga cha moto kumfukuza, huku akimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na mimi, mjukuu wake, namwita kwa hiari yangu.

Lakini kuna sababu. Bata mzinga wa porini hulala juu ya mti. Dume akisikia kelele ya ghafla alfajiri, iwe bundi, kunguru, radi au hata mlango wa gari, anajibu bila kufikiri: gorogorogoro! Ni kama yule mjomba ambaye ukitaja siasa tu, hata kama amelala kwenye kochi, ataamka ajibu. Akishajibu, umejua amelala wapi. Basi unasogea polepole, unakaa chini ya mti, unaanza kazi.

Nikalia. Kimya. Nikalia tena. Ng'ambo ya korongo: gorogorogoro!

Moyo ulinipiga hadi nikahisi yule ndege atausikia.

Ngoja kwanza nirudi nyuma, maana najua mnajiuliza: wewe binti wa watu wa Fizi, bunduki na wewe wapi na wapi?

Nilianza kwa udadisi tu. Jirani yetu ni mzee wa Kimarekani, dereva wa malori aliyestaafu. Yeye na Baba wana urafiki wa mboga. Baba anampa lengalenga, yeye anampa Baba nyanya, na hakuna anayeelewa sawasawa mwenzake anasema nini. Mwaka mmoja akatuletea nyama ya bata mzinga aliyemwinda mwenyewe. Nikamuuliza maswali kumi. La kumi na moja likawa, "Naweza kuja?"

Mama akashika kichwa. "Mtu mweusi, na bunduki, gizani, kwenye shamba la mzungu?" Hofu yake haikuwa ya kuchekwa, na mzee hakuicheka. Alinipeleka kwanza mchana kwa mwenye shamba, tukanywa kahawa, nikaomba ruhusa kwa mdomo wangu mwenyewe. Na tangu siku hiyo sijawahi kwenda peke yangu.

Baba hakusema mengi. Alisema tu, "Sitaki ile kitu mu nyumba yangu." Hata neno bunduki hakulitamka.

Baba alitoka Fizi mwaka 1996. Alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, akafika kambi ya Nyarugusu, na huko ndiko nilikozaliwa. Hapa nilikuja nina miaka tisa. Kwa hiyo kwangu bunduki ilikuwa kitu cha kwenye sinema. Kwa Baba ilikuwa kitu kingine, na sikuwahi kumuuliza ni kitu gani hasa. Nilitii. Bunduki ikakaa kwa mzee, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli.

Nikasoma kozi ya usalama ambayo jimbo linaitaka kabla hujapata leseni. Kila bunduki ichukulie kwamba ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Usielekeze mdomo wake mahali usipotaka kuua. Usiguse kifyatulio kabla hujajua unapiga nini na nyuma yake kuna nini. Halafu kuna sheria za bata mzinga peke yake. Usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, hata soksi, kwa sababu kichwa cha dume kina rangi hizohizo na mwindaji mwingine anaweza kukudhania wewe ndiye ndege. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, mgongo ulindwe. Ukimsikia ndege analia, usimnyemelee, maana pengine anayelia ni binadamu mwenzako mwenye kijisanduku. Na ukimwona mtu, usimpungie mkono. Ita kwa sauti.

Sasa huyu ndege mwenyewe. Mnajua kwamba lugha nyingi zinasema anatoka kwingine? Waingereza wamempa jina la Uturuki. Waturuki wanamwita hindi, kana kwamba ametoka India. Wafaransa vilevile, jina lao maana yake ni wa India. Wareno wanamwita peru, jina la nchi ya Peru. Waarabu wengi wanamwita jogoo wa Kirumi. Na mwenyewe ni wa hapahapa Amerika! Wenyeji wa Mexico ndio waliomfuga, Wahispania wakampeleka Ulaya karne ya 16, halafu walowezi wa Kiingereza wakamrudisha huku na meli, akiwa wa kufugwa, kwenye bara ambalo binamu zake wa porini walikuwa bado wanaimba mitini. Ukiona mtu anaulizwa kila siku "lakini hasa unatoka wapi?", ujue hayuko peke yake.

Kiswahili hakikumpa nchi. Kilimpa mzinga. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu nikisoma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha. Misitu ilikatwa, watu wakawinda mwaka mzima bila kipimo. Missouri ilifunga msimu miaka ya 1930. Wakajaribu kuwafuga na kuwaachia porini, wakafa, maana ndege wa bandani hajui mbweha ni nini. Kilichofanya kazi ni kuwakamata wale wachache wa porini na kuwahamishia kwenye misitu mingine. Na waliwakamata kwa nini? Kwa mizinga! Wanamwaga mahindi chini, ndege wanakuja kula, halafu mizinga midogo inalipuka na kurusha wavu mkubwa juu yao. Bata mzinga, kwa mzinga. Wakawekwa kwenye maboksi, wakapakiwa kwenye magari, wakaachiwa kwenye msitu ambao hawakuuchagua. Mwaka 1960 msimu wa masika ukafunguliwa tena. Leo wako karibu kila pembe ya jimbo.

Mimi hiyo habari inanigusa, siwafichi. Nasi hatukuchagua Missouri. Sisi tulikuja na ndege, ndege wakaja na lori.

Msimu wenyewe unaanza katikati ya Aprili, wiki tatu tu. Unaruhusiwa kupiga wenye ndevu peke yao, yaani lile shungi la manyoya kama nywele linaloning'inia kifuani, na kwa kawaida hao ni madume. Majike wakati huo wanataga. Ugumu ni kwamba kwa desturi yao jike ndiye anayemfuata dume. Dume anasimama, anajitutumua, anafungua mkia kama feni, anasubiri. Wewe unajifanya jike, unamwomba yeye aje kwako. Anaona ajabu. Anasimama mbali anasema gorogoro, yaani njoo wewe. Na macho yake! Anaona rangi, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Hanusi sana, lakini ukitikisa kidole, kwaheri.

Mwaka wangu wa kwanza nilitikisa kidole. Kupe alikuwa anapanda shingoni, nikashindwa kuvumilia. Dume alikuwa hatua hamsini. Sikuona hata alivyogeuka. Mzee akasema, "Kupe huyo amemwokoa," tukarudi nyumbani.

Siku hiyo ndiyo nilifanya kosa kubwa zaidi. Kawaida nilikuwa nabadilisha nguo kwenye gereji ya mzee. Siku hiyo, kwa uchovu na hasira, nikasahau. Nikafungua mlango wa nyumba yetu na mabakamabaka yangu, buti zina matope. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, ameshika kikombe cha chai.

Kikombe hakikuanguka kama kwenye sinema. Alikiweka mezani taratibu sana. Kisha akarudi nyuma hatua mbili hadi mgongo ukagusa ukuta, akawa ananiangalia. Mimi, mwanawe. Nikasema, "Baba, ni mimi." Akasema, "Najua." Lakini hakutoka ukutani.

Nilivua nguo zile nje kwenye baridi na kuzipeleka kwa mzee. Siku tatu Baba hakuniambia neno zaidi ya salamu. Siku ya nne nikamfuata bustanini, nikamwambia, "Baba, kama unataka niache, naacha." Nilikuwa namaanisha.

Akaendelea kung'oa magugu. Halafu akasema, "Waliokuja kwetu walikuwa wamevaa vile. Sikukukataza kwenda. Ila ile kitu, na zile nguo, zisinifikie." Basi. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote ambayo Baba amewahi kuniambia kuhusu vita.

Sikwenda tena msimu ule. Mwaka huu nikaenda.

Kwa hiyo turudi chini ya mti. Mwaloni mkubwa, mgongo wangu umeuegemea, mzee yuko kushoto kwangu. Ana kijisanduku cha mbao chenye kifuniko. Ukisugua kifuniko juu ya ukingo kinatoa sauti ya jike. Anasugua mara tatu, taratibu, kisha ananyamaza. Kunakucha. Tukamsikia anashuka mtini, mabawa mazito kama mtu anakung'uta blanketi. Halafu kimya cha dakika arobaini. Miguu ikafa ganzi. Kupe walipanda, nikawaacha wapande.

Kisha kichwa kikatokea nyuma ya gogo. Cheupe, chekundu, buluu. Akaja hatua kwa hatua, anasimama, anaangalia. Ndevu nikaziona. Nyuma yake ni kilima cha udongo, hakuna nyumba, hakuna mtu. Hatua ishirini na tano. Unalenga shingo na kichwa, kwa sababu marisau ni madogo, na ukipiga mwili utamjeruhi tu akafie mbali.

Nilimfikiria Baba ukutani. Kweli kabisa, sekunde hiyo. Nilijua nikipiga, mimi nitakuwa ndiye mwenye nguo zile na ile kitu. Na nilijua pia siko vile. Nikapiga.

Alianguka palepale. Nikakaa kimya, machozi yakanitoka. Mzee hakunipongeza. Alivua kofia tu.

Nilioga kwa mzee, nikabadilisha nguo, nikamsajili ndege kwa simu, maana sheria inataka uripoti siku hiyohiyo, nikambeba nyumbani kwenye ndoo. Nikakaa uani, nikaanza kunyonyoa. Manyoya hayatoki. Ngozi inachanika.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba akasimama pale muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na sufuria ya maji ya moto. "Unamuua mara ya pili," akasema. "Lete."

Akamchovya, akahesabu kimoyomoyo, akamtoa. Manyoya yakatoka kama mchezo. Na mikono ikiwa kazini, mdomo ukafunguka. Akaniambia baba yake, babu ambaye sikumjua, alikuwa anatega kanga kwa tanzi la kamba, kule mlimani. Kwamba yeye akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kukaa kimya. "Nilikuwa najua sana kukaa kimya," akasema.

Nikamwambia habari ya kusajili kwa simu. Akacheka hadi akafuta macho. "Kumbe hata ndege hapa anatakiwa makaratasi!"

Mama alipika mapaja, yale ambayo baadhi ya wawindaji huyatupa. Ni magumu kama kuku wa kienyeji aliyezeeka, kwa hiyo yalichemka saa tatu, kisha karanga na mawese. Ugali ukaja. Mzee aliitwa, akala kwa mkono, akaungua vidole.

Usiku Baba akaniuliza, "Uliogopa?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Vizuri," akasema, akaenda zamu.

Bunduki bado iko kwa mzee, na itabaki huko. Nguo pia. Sitaki kuwaambia kwamba supu imetibu kitu. Ila wiki hii Baba ameniuliza kama kwenye msitu ule kuna uyoga. Upo, wa mwezi huuhuu wa Aprili. Jumapili tunaenda wawili, na vikapu tu.

Neno la wiki: kuvizia, yaani kukaa umejificha na kusubiri. Na swali la wiki: ni kitu gani ambacho wewe unakipenda hapa, lakini mzazi wako akikiona anaona kitu kingine kabisa? Rekodi sauti, sekunde sitini, Kiswahili chochote ulicho nacho. Hatusahihishi mtu.