Tunakodolea macho bomba la moshi, metali zinatoka kwingine

Siku nyingi sijaandika hapa, niwieni radhi. Nilikuwa nimebanwa na kazi ambayo leo nataka kulalamika juu yake, maana imenifundisha jambo ambalo sikulijua, na nadhani wengi wenu mnaoishi huku Kisumu hamjalifikiria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja mmoja (simtaji, bado hajamaliza kunilipa) alitaka programu ya kurekodi uchafuzi unaotokana na magari. Wakaguzi wasimame barabarani na simu zao, wajaze fomu, data iingie kwenye hifadhidata, halafu itoke ramani yenye rangi nyekundu pale penye uchafu. Kazi nyepesi. Nikapewa orodha ya safu za jedwali: namba ya gari, aina yake, mwaka, petroli au dizeli, na rangi ya moshi. Rangi ya moshi ilikuwa na chaguo tatu: hakuna, mweupe, mweusi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya uchafuzi.

Nikaandika kama nilivyoambiwa. Siku ya majaribio nikaenda Kondele, nikasimama karibu na fundi mmoja wa magari ambaye namfahamu. Gari la kwanza nililorekodi lilikuwa Probox iliyojaa abiria. Moshi: hakuna. Programu ikaipaka rangi ya kijani, gari safi. Lakini ilipofunga breki ililia mpaka watu wakageuka. Fundi akacheka: "Injinia, hiyo pedi iliisha kitambo. Sasa anakula diski."

Anakula diski! Usiku huo sikupata usingizi vizuri. Ile diski iliyoliwa inakwenda wapi? Chuma hakiyeyuki hewani. Na ile pedi iliyoisha kabla yake ilikuwa imetengenezwa kwa nini hasa? Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo jedwali langu lilivyozidi kunitia aibu.

Kwanza niwe mwadilifu. Kulikuwa na wakati ambapo bomba la moshi lilistahili lawama zote. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors kule Marekani, aligundua kuwa ukichanganya petroli na kampaundi ya risasi, injini inaacha kugonga. (Naam, risasi ile ile ya bunduki. Kiswahili kina neno moja kwa metali na kwa kinachotoka mtutuni, na mimi naona ni busara.) Kwa miongo mingi magari ya dunia nzima yalipuliza risasi barabarani, yetu yakiwemo. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Kenya na majirani zake walikuwa wameachana na petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha 2021, na tangazo la kufunga ukurasa huo likatolewa Agosti mwaka huo na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu hapo Gigiri, Nairobi.

Ule ulikuwa ushindi mkubwa, na ninyi mnaoandika programu mtaelewa kwa nini ulipatikana. Risasi yote ilipitia mlango mmoja. Petroli inatoka kwenye kiwanda cha kusafishia au kwenye meli bandarini. Ukibadilisha pale, umebadilisha kwenye kila gari nchini, bila kumwomba dereva yeyote ruhusa. Unarekebisha mstari mmoja kwenye maktaba ya msimbo, na programu zote zinazoitumia zinapona.

Tatizo ni kwamba tulishangilia kisha tukafunga faili. Petroli ilibadilishwa, udongo haukubadilishwa. Risasi haiozi wala haivunjiki kuwa kitu kingine. Iliyoanguka kando ya barabara mwaka 1985 bado ni risasi leo, isipokuwa imefagiliwa au mvua imeihamisha. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Sasa turudi kwenye ile Probox ya kijani.

Pedi za breki ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyoshinikizwa pamoja, na nyingi zina shaba na antimoni ndani yake. Kila unapokanyaga breki, unga wake unatoka. Kule California waligundua kuwa shaba iliyokuwa ikiingia kwenye Ghuba ya San Francisco ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye breki za magari, na shaba majini ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mwaka 2010 wakapitisha sheria: kuanzia 2021 pedi zisizidi asilimia 5 ya shaba, na kuanzia 2025 zisizidi nusu ya asilimia moja. Ghuba, mji wenye magari mengi, samaki. Je, haikukumbushi mahali fulani?

Tairi nalo lina oksaidi ya zinki, kama asilimia 1 hadi 2 ya mpira unaokanyaga lami, kwa sababu bila zinki mpira haukomai vizuri kiwandani. Tairi la gari dogo hupoteza kilo moja au zaidi kabla halijawa kipara. Kilo hiyo iko barabarani. Halafu kuna vile vizito vidogo ambavyo fundi wa tairi anavigonga kwenye ukingo wa rimu ili gurudumu lisitikisike. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vya risasi kwenye magari mapya kuanzia 2005, lakini vipo bado tele. Vikichomoka vinasagwa na magari yanayofuata mpaka vinakuwa vumbi. Nendeni mzunguko wa Kisumu Boys muangalie ukingoni mwa barabara, nawahakikishia mtaokota kimoja.

Oili chafu nitaipita haraka. Ina zinki kutokana na viungo vinavyowekwa kulinda injini, na metali zilizosagika ndani ya injini yenyewe. Sisi tunaimwaga chini gereji au tunapaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Mimi mwenyewe nimepaka ua wa mama kwa oili hiyo, na kuku walikuwa wakidonoa pale pale chini.

Vyote hivyo havionekani kwenye safu ya "rangi ya moshi". Na hapa Kisumu vinakwenda mahali pamoja. Mji umeinama kuelekea ziwani. Mvua ikinyesha saa kumi jioni, kile kilichokusanyika juu ya lami wiki nzima kinaingia mitaroni, mitaroni hadi Mto Kisat unaopita upande wa viwanda na Obunga, au hadi Auji unaopita Manyatta na Nyalenda kisha kuingia kwenye mafunjo ya Dunga. Kutoka hapo ni Ghuba ya Winam. Ghuba hii si ziwa wazi. Ni kama kilomita za mraba 1,400 za maji ya kina kifupi, yanayowasiliana na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba upande wa Rusinga. Kinachoingia kinakaa. Metali zinashikamana na matope, zinatulia chini, na kamongo anaishi humo humo kwenye matope.

Nisieleweke vibaya, wanasayansi wetu hawakulala. Shem Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Onyari walichapisha mwaka 1989 vipimo vya risasi, kadmiamu, kromiamu na zinki kwenye matope ya Ziwa Victoria. Mwaka 2008 Lalah, Ochieng na Wandiga huyo huyo wakachapisha utafiti juu ya vyanzo vya metali nzito zinazoingia Ghuba ya Winam. Karatasi zipo. Ila karatasi iliyoko kwenye jarida la kulipia huko Ulaya haimfikii kijana anayeosha matatu kando ya ziwa.

Na kuosha magari nako... Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda Lwang'ni kula samaki, na magari yaliingizwa majini mpaka usawa wa rimu, vijana wanayasugua huku sisi tumekaa hatua chache tunachambua mifupa. Niliona ni starehe. Gari safi, samaki mtamu. Leo nikifikiria, lile gari lilikuwa limekusanya unga wa breki kuanzia Busia, nasi tulikuwa tunausuuza ndani ya sufuria.

Lakini kinachonitisha zaidi ni betri. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 85 ya risasi inayotumika duniani inakwenda kwenye betri za aina hii. Betri ya gari dogo ina kilo kama nane hadi kumi za risasi. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyekuwa akizivunja kwa shoka, anamwaga maji makali mtaroni, anayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu, anamimina kwenye vishimo vya udongo kutengeneza vizito vya nyavu. Wavuvi walimpenda, sisi watoto tulimpenda zaidi kwa sababu alitupa mabaki yanayong'aa tuchezee. Niliwahi kuweka kimoja mdomoni. Kina ladha ya utamutamu hivi.

Mnaodhani natia chumvi, someni habari za Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, mji ule ule wa azimio la 2001. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa hapo kwa sumu ya risasi, kwa sababu watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri za magari ili wauze risasi. Au msiende mbali, nendeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi hapo 2007, kikafungwa 2014 baada ya Phyllis Omido na majirani kupiga kelele kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Watoto waliopimwa damu wakiwa wachanga ni vijana sasa.

Najua kuna msomaji ananisubiri hapa kwa hamu aniambie kuhusu magari ya umeme. Bodaboda za umeme zimeanza kuonekana, nami nazifurahia, hasa ukimya wake. Breki zao hazisagiki sana kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Lakini tairi ni tairi, na gari la umeme ni zito kuliko mwenzake wa petroli, kwa hiyo zinki iko pale pale. Na uliza ni betri gani imo ndani. Kule Bangladesh vyombo vya matairi matatu vya umeme vimeenea kila mahali, na vingi vinatumia betri za risasi zinazokufa baada ya muda mfupi. Havitoi moshi hata chembe. Kwenye programu yangu vingepata kijani vyote.

Kwa hiyo nilirudi kwa mteja nikamwambia jedwali lake limekosewa, tena limekosewa kwenye ufunguo. Alitaka kila rekodi iwe gari. Mimi nikasema kila rekodi iwe mahali. Gari linapita, metali inabaki: kwenye kona ambapo kila mtu anafunga breki, kwenye uwanja wa kuoshea, gereji, duka la tairi, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwenye mdomo wa mtaro. Sehemu kama hizo Kisumu si maelfu, unaweza kuzizungukia zote kwa pikipiki. Huhitaji kumkimbiza dereva. Unahitaji kuchimba kishimo cha kunasa matope kwenye kila sehemu ya kuoshea na kukizoa kabla ya mvua. Unahitaji duka la betri likurudishie pesa ukileta betri mbovu, kama tunavyorudishiwa pesa kwa chupa ya soda, ili mzee mwenye shoka akose bidhaa. Na pedi zinaingia nchini kwa makontena, mlango mmoja kama petroli ile. Tukiwa na mamlaka ya kukataa gari lililozidi miaka minane, tunashindwaje kuuliza pedi ina shaba kiasi gani?

Mteja alinisikiliza kwa upole, akasema ni mawazo mazuri, lakini fomu ilishapitishwa na waliotoa fedha, na wao wanataka moshi kwa sababu moshi unapigika picha. Tukaachana hapo. Nusu ya malipo bado naisubiri.

Msimbo niliouandika kwa muda wangu ni wangu, na nimeanza toleo lingine. Jedwali lina safu ya mahali, tarehe ya mvua ya mwisho, kinachofanyika pale, maji yanakoelekea, na umbali hadi kwenye nyumba ya karibu yenye mtoto. Mpaka sasa nina sehemu 41, kuanzia Kondele hadi Dunga. Nambari 17 ni pale alipokuwa akikaa yule mzee wa betri. Alishafariki. Siku hizi pale pana kibanda cha mboga, na sukuma wiki imeota mpaka ukingoni mwa mtaro.