Mpondwe: Ujumbe wa simu nao unahitaji cheti cha uasili

UCHAMBUZI

Mfanyabiashara anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi huangalia simu kabla hajaangalia foleni. Katika kundi la WhatsApp anapata bei ya maharagwe, thamani ya dola kwa faranga ya Congo, taarifa ya lori lililokwama, na mara nyingine sauti ya mtu asiyejulikana ikisema mpaka umefungwa. Habari tatu za kwanza zinamsaidia. Hiyo ya nne inaweza kumharibia samaki wa wiki nzima, iwe kweli au uongo.

Kasese na Bwera walishaiona gharama ya habari za namna hiyo wakati wa Ebola.

Mlipuko huo ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Huko Beni na Butembo, miji inayopokea bidhaa nyingi zinazopita Mpondwe, wengi waliamini kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa na wageni.

Uvumi huo ulikuwa na mizizi. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali Rais Félix Tshisekedi aliapishwa Januari. Wananchi waliona wamenyimwa kura kwa kisingizio cha ugonjwa. Mwisho wa mwezi huohuo wa Desemba, serikali ikakata intaneti kwa karibu wiki tatu, katikati ya mlipuko. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mamlaka ikishapoteza imani ya watu, ujumbe wake mzuri nao hupokelewa kama hila.

Njia ya panya na soko lililofungwa

Juni 2019 yalitufikia. Familia iliyomuuguza babu aliyefariki kwa Ebola nchini Congo iliingia Uganda kwa njia ya panya, bila kupimwa joto. Mtoto wa miaka mitano alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera, na tarehe 11 Juni Ebola ikathibitishwa. Yeye, bibi yake na mdogo wake walifariki. Serikali ikasimamisha siku za soko na mikusanyiko mingine Kasese. Siku ya soko eneo la mpaka hukadiriwa kukusanya watu 20,000.

Linganisha na Agosti mwaka huohuo. Mtoto wa miaka tisa kutoka Congo alipita kwenye lango rasmi la Mpondwe, akagundulika ana dalili na kutengwa mara moja. Alifariki Bwera, lakini ugonjwa haukusambaa Uganda.

Hapo ndipo ilipo hasara ya mfanyabiashara. Ujumbe unaosema kwamba wapimaji langoni wanaambukiza watu, au kwamba ukipimwa utafungiwa, unawasukuma watu kwenye njia za panya. Akipita mgonjwa mmoja huko, soko linafungwa kwa wote, akiwemo aliyeusambaza ujumbe.

Nani anasimama nyuma ya neno?

Uganda haikuokolewa na bahati. Kabla ya Juni 2019 wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wamechanjwa. Wahudumu wa afya wa vijiji, viongozi wa dini na redio walikuwa wakizungumza na watu kwa lugha yao. Aliyetilia shaka alijua amuulize nani.

Tangu 2011 nchi hii pia ina U-Report ya UNICEF, inayotumia ujumbe mfupi wa bure ambao hata simu ya vitufe inaupokea. Jambo hilo ni muhimu, kwa kuwa intaneti yetu ina bei. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye data. Facebook ilifungwa Januari 2021. Kwa hiyo habari nyingi hupita WhatsApp, ambako sauti iliyosambazwa mara kumi haionyeshi imetoka kwa nani.

Kupuuza kila onyo hakuwezekani. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe. Aliye juu ya mto huyaona maji kabla ya aliye mjini Kasese. Juni 2023 watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shule ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka. Mahali kama hapa ujumbe wa saa tano usiku unaweza kuokoa watu.

Wafanyabiashara wanayo tayari kanuni inayofaa. Hakuna anayenunua gunia bila kujua limetoka wapi, na wanaotumia soko la Afrika Mashariki wanakijua cheti cha uasili. Ujumbe nao uombwe chake: nani ameona, wapi, siku gani na saa ngapi. Usiojibu hayo usisambazwe.

Kila kundi liwe na watu wawili wanaojulikana, mmoja Bwera na mmoja Kasindi, wenye namba za ofisi ya afya na ya forodha upande wao. Wakithibitisha, waseme kwa Kiswahili na Lukonzo, kwa maneno machache. Wakikosea, wasahihishe katika kundi lilelile, waziwazi. Picha za wagonjwa na maiti zisipite kabisa.

Serikali nazo zina deni. Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Julai 2022, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Lango likifungwa, Bwera na Kasindi zinapaswa kupata taarifa moja, saa moja, kwa lugha inayoeleweka pande zote mbili za mto Lubiriha. Ofisi zikichelewa kwa saa sita, uvumi unazitumia saa hizo zote.