Tumwachie Mtoto Safari Yake

Wako wadaio kwamba mtoto aliyechoshwa na safari ndefu ni mtoto anayeteswa, na kwamba mzazi mwema humtuliza kwa kumpa simu atazame katuni. Rai hiyo twaipinga.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Barabara hupenya Hifadhi ya Mikumi, hupita penye mibuyu karibu na Ruaha Mkuu, kisha hupanda Kitonga. Mtoto aliyeinamia simu hufika Mbeya asiuone hata mbuyu mmoja.

Asiye na simu hunung'unika kwanza, hatukatai. Lakini akili iliyokosa kazi hujitafutia kazi. Mbuyu huwa jitu lililopandwa kichwa chini. Lori lipandalo mlima huwa mzee mwenye pumu. Hapo ndipo kitendawili huzaliwa. Wazee wetu nao walitega vitendawili usiku, kazi zilipokwisha na usingizi haujaja.

Tena, mila yetu yamtaka aliyeshindwa kufumbua atoe mji. Ni wapi miji ilipo tele kuliko njiani? Na itolewe Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako! Mtoto atajifunza nchi yake kwa kuigawa na kuitwaa.

Basi lawama si ya mtoto, wala si ya simu. Ni yetu sisi wazazi, tulionunua kimya chake kwa bei ya lugha yake. Safari ijayo tuanze sisi: "Kitendawili!" Tusipojibiwa "Tega!", tujue tumechelewa.